Marseille, kanga na ule ufa

Watu wakishajua kwamba niliwahi kusoma Ufaransa, swali la kwanza huwa ni Mnara wa Eiffel. Uliuona? Ulipiga picha? Samahanini jamani. Niliuona mara moja tu, usiku, kupitia dirisha la basi, nikiwa nusu nimesinzia. Mimi nilikuwa Marseille, na kutoka Marseille hadi Paris ni zaidi ya kilomita 700 kwa barabara. Halafu hiyo miji miwili haipendani. Ukitaka kugombana na mtu wa Marseille, msifie timu ya Paris.

Mambo ya baridi, jibini zenye harufu ya soksi na kubusiana mashavuni na watu usiowajua nimeshayasimulia sana kwenye vijiwe. Leo nataka kusimulia lile ambalo huwa naliruka. Naliruka kwa sababu linanihusu mimi na kazi yangu, na sionekani vizuri ndani yake.

Tuanze mwanzo. Septemba 2018 nilishuka kituo cha treni cha Saint-Charles na masanduku mawili, mwanafunzi wa kubadilishana kwa miezi tisa. Kituo kile kipo juu ya kilima, na ukitoka nje unakutana na ngazi 104 za kushuka mjini. Chini yako mji wote, paa za vigae, na kule mbali juu ya kilima kingine kanisa la Notre-Dame de la Garde na sanamu yake ya dhahabu, ambayo wenyeji wanaiita Mama Mwema. Nikasema moyoni, binti wa Tandika, umefika. Halafu nikakumbuka kwamba sanduku moja lina kilo 23 na hakuna wa kunisaidia.

Kifaransa changu kilikuwa cha miaka miwili ya madarasa ya jioni Dar. Nilikuwa naweza kueleza vizuri sana kwamba kalamu ipo juu ya meza. Lakini Marseille ilinionea huruma kwa jambo moja: lafudhi. Kule Paris wanameza herufi za mwisho, unabaki unakisia. Watu wa Marseille wanazitamka. Kila neno linamalizika na kavokali kake, kama sisi. Wenzao wa kaskazini wanawacheka kwa hilo, mimi nilitaka kuwakumbatia.

Bweni la chuo lilikuwa limejaa. Nikapata chumba kwa kuelekezwa na mwanafunzi mwingine, mtaa wa Noailles, katikati kabisa ya mji, dakika chache kwa miguu hadi bandari ya zamani. Kama umewahi kupita Kariakoo siku ya Jumamosi basi Noailles umeshaijua: viungo kwenye magunia, mihogo, samaki wakavu, bamia, simu za mitumba, watu wanaitana kwa lugha kumi. Chumba kilikuwa ghorofa ya nne, hakuna lifti, kodi euro 350 kwa mwezi, zaidi ya shilingi laki tisa za wakati ule. Nililipa huku mkono unatetemeka.

Na ukutani, juu ya kitanda, kulikuwa na ufa.

Haukuwa mkubwa. Ulianzia chini karibu na dirisha ukapanda kwa mshazari hadi usawa wa macho yangu. Kulikuwa na unyevu pia, na mlango wangu ulikuwa haufungi mpaka uuinue kidogo kwa goti. Najua mnachotaka kusema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilikuja na ubunifu wangu. Nilichukua kanga aliyonipa mama siku ya kuondoka, nyekundu na nyeusi, imeandikwa "Mgeni njoo mwenyeji apone", nikaitundika juu ya ule ufa kwa pini. Nikipiga simu ya video, mama anaona kanga yake nyuma yangu. "Umepapamba vizuri mwanangu!" Nami nacheka. Nikitoka, napiga picha bandarini, boti nyeupe, bahari ya buluu, natuma kwenye kundi la WhatsApp la darasa letu la Dar. Wanajibu, ebwana, maisha hayo!

Sasa niwaambie kuhusu Koko.

Wiki ya pili nilikuwa nashuka ngazi naongea na mama kwenye simu. Ghorofa ya tatu mlango ukafunguka, akatoka mwanamke wa makamo ya bibi, amejifunga leso, akanitazama kutoka juu hadi chini. Nikamwamkia, shikamoo, ilinitoka tu. Akacheka mpaka akashika ukuta. Alikuwa Mngazija, wa kisiwa kikubwa cha Komoro, na yupo Marseille tangu ujana wake. Miaka zaidi ya thelathini amesafisha maofisi ya watu kabla wenyewe hawajaamka. Watoto wa jengo zima wanamwita Koko, kwao maana yake ni bibi, na mimi nikawa mjukuu.

Wakomoro Marseille ni makumi ya maelfu. Wengi wa mwanzo walikuwa mabaharia, wakifanya kazi kwenye meli za Kifaransa, wakashuka bandarini na kubaki. Soprano, yule mwanamuziki anayejaza viwanja Ufaransa, ni mtoto wao, amezaliwa hapo hapo. Na lugha yao na yetu ni binamu kabisa, ila binamu wa kukuchanganya. Asubuhi watoto wanapita mlangoni kwa Koko wanasema "Kwezi!" naye anajibu "Mbona!" Mimi nasimama pale nasubiri sentensi iendelee. Mbona nini? Mbona mmechelewa? Mbona hamjavaa viatu? Kumbe salamu imeshaisha. Siku nyingine nimembebea maji ya kunywa toka dukani, ananiambia "Marahaba." Nikajiuliza, nimemwamkia saa ngapi? Kumbe kwao marahaba ni asante.

Basi Koko akanilisha. Chakula cha mchana chuoni kilikuwa euro 3.25, si ghali kwa kule, lakini jioni na Jumapili nilikuwa najitegemea, na kujitegemea kwangu kulikuwa tambi. Alinipa wali wa nazi, kisamvu chao, na mabawa ya kuku ya kuchoma, ambayo nao wanayaita mabawa. Malipo yake yalikuwa kumsomea barua. Koko anaongea Kifaransa kama maji, lakini alisoma madrasa, herufi zake ni za Kiarabu. Barua za ofisi za Ufaransa, jamani, hata Mfaransa zinamtoa jasho. Nilikaa mezani kwake na kamusi ya simu nikitafsiri: hii inataka nakala ya kitambulisho, hii inasema ile ya kwanza haikufika.

Mwezi wa Oktoba akanionyesha kitu. Chumbani kwake, chini kidogo ya changu, ufa ulikuwa unapita vilevile. Ulikuwa ufa mmoja, sakafu mbili. Bafuni maji yalikuwa yanashuka ndani ya ukuta. Akaniomba nimwandikie barua msimamizi wa jengo. Nikaandika, nikajisikia wa maana. Nilipomaliza akavuta droo akanionyesha barua nyingine, kama kumi hivi, kila moja imeandikwa na mjukuu tofauti wa ngazini, miaka tofauti.

"Barua ninazo," akasema. "Wewe si umesema unasomea gazeti? Andika gazetini."

Nikamjibu kwamba bado najifunza. Kwamba Kifaransa changu hakijafika. Kwamba gazeti halikubali tu mtu akajiandikia. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililokuwa sababu.

Sababu ni hii. Wiki ileile mwalimu wetu wa uandishi alikuwa ametupa kazi: nenda mtaani unapoishi, leta habari moja. Wenzangu darasani walikuwa wazuri kwangu, lakini nilishaona nyuso zao mtu akitaja Noailles. Kuna kijana aliwahi kuniuliza kama mimi ni Mkomoro, nikamjibu haraka sana, "Hapana, hapana, mimi ni mwanafunzi." Kana kwamba mtu hawezi kuwa vyote viwili! Nilikuwa nimesafiri bara zima kuja kuwa mwanafunzi wa Ulaya. Sikutaka kusimama mbele ya darasa na kueleza kwamba naishi kwenye jengo linalopasuka na maji yanapita ukutani. Hiyo ni habari ya watu maskini, nami niliona nipo pale kwa muda tu.

Nikaandika kuhusu wauza samaki wa asubuhi kule bandari ya zamani. Wamama wenye sauti kubwa, pweza anayetambaa kwenye beseni, watalii. Habari nzuri tu. Nikapata 14 kati ya 20, na kwa Ufaransa 14 ni ya kumpigia mama simu. Lakini chini ya karatasi mwalimu alikuwa ameandika swali moja kwa kalamu: "Lakini wewe unaishi wapi?"

Jumatatu, tarehe 5 Novemba 2018, kwenye saa tatu asubuhi kwa saa zetu, majengo mawili ya mtaa wa Aubagne, namba 63 na 65, yaliporomoka. Mtaa wa Aubagne ni nyuma yetu, unavuka njia mbili unaufikia. Mimi nilikuwa chuoni. Simu zikaanza kulia darasani, mtu akasema Noailles, nikachukua begi nikaondoka bila kuaga. Nilipofika polisi walishafunga njia kwa utepe. Vumbi lilikuwa bado hewani, jeupe, linakaa kwenye nyusi za watu. Koko alikuwa amesimama barabarani na ndala, leso kichwani, anahesabu watoto wa jengo letu kwa kidole. Aliponiona akanihesabu na mimi, akaendelea.

Namba 63 ilikuwa tupu. Namba 65 ilikuwa na watu. Zimamoto walichimba siku kadhaa na kutoa miili minane. Mmoja alikuwa mama wa Kikomoro ambaye mtoto wake mdogo alikuwa shule asubuhi ile. Mwingine alikuwa mwanafunzi kutoka Italia. Mwanafunzi, kama mimi.

Wakuu wa mji walizungumzia mvua kubwa iliyonyesha siku zile. Ni kweli ilinyesha. Lakini watu waliingia barabarani kwa maelfu wakisema si mvua, na walikuwa na karatasi. Tangu mwaka 2015 serikali yenyewe ilikuwa na ripoti inayosema Marseille ina makazi karibu 40,000 yasiyofaa, yanayohatarisha afya au usalama wa watu 100,000. Iliandikwa, ikasomwa, ikakaa. Nilipoisikia namba hiyo nilifikiria droo ya Koko.

Baada ya hapo mji uliingiwa hofu. Wakaguzi wakaanza kupita jengo kwa jengo, na wakipata shaka wanawatoa watu saa hiyohiyo. Kwetu walikuja jioni, wiki iliyofuata. Dakika kumi na tano, chukua dawa, makaratasi, nguo. Mkaguzi mmoja alipanda hadi kwangu akaangaza tochi ukutani, ikaishia kwenye kanga. Nikaitoa pini moja moja. Sikuwa nimetazama nyuma yake tangu Septemba. Ufa ulikuwa umefika darini. Mkaguzi alichomoa sarafu mfukoni, akaisukuma, ikaingia.

"Tangu lini?" akaniuliza.

"Tangu Septemba."

Akaandika. Hakunilaumu wala hakunitazama vibaya, aliandika tu na kushuka. Nimeulizwa maswali mengi maishani na sijawahi kuulizwa gumu kama lile.

Mimi chuo kilinipatia chumba bwenini ndani ya siku nne. Meta za mraba tisa, dirisha linafunga, ukuta mzima. Koko walimpeleka hoteli karibu na barabara kuu, pamoja na wengine wa jengo letu. Msione neno hoteli mkafikiri starehe. Chumba kimoja, kitanda, televisheni, hairuhusiwi kupika. Mwanamke ambaye amelisha ngazi nzima kwa miaka, sasa anakula mkate na jibini kitandani, na sanduku lake la zawadi za harusi ya mpwa wake limesimama mlangoni halijafunguliwa. Alikaa hivyo miezi. Ndani ya mwaka mmoja watu waliohamishwa Marseille walizidi 3,000.

Nilichoweza ni kidogo. Mara mbili kwa wiki nilipika kwenye jiko la pamoja la bweni, wali na maharage au pilau ya kujaribu, nikafunga sufuria kwa ile kanga na kupanda nalo basi. Abiria wananukia bizari tu. Koko anaonja, anakunja uso. "Nani amekufundisha chumvi?" Lakini anamaliza.

Na niliandika. Nilikaa naye siku tatu, kwa idhini yake, na simu ya kurekodi juu ya kitanda. Tulitandaza barua zote kumi kwa mpangilio wa tarehe. Nikaandika kwa Kifaransa kwa ajili ya darasa, jengo letu, ufa mmoja sakafu mbili, na sikuficha kwamba mwandishi alikuwa anaishi ghorofa ya juu na aliambiwa aandike mwezi mmoja kabla, hakuandika. Mwalimu alinipa 13, chini ya wale samaki, kwa sababu ya makosa ya sarufi! Nilimsomea Koko kwa sauti, sentensi kwa sentensi. Alisikiliza amefumba macho. Mwisho akasema nimekosea mahali pamoja.

"Umesema mimi ni mzee. Futa."

Nikafuta.

Sitaki mnielewe vibaya. Sisemi kwamba ningeandika Oktoba watu wanane wangekuwa hai. Mimi nilikuwa mtoto wa mwaka wa tatu, mgeni, na jengo langu si lile lililoanguka. Wanahabari wakubwa wa mji ule waliandika kuhusu nyumba mbovu kabla sijajua Marseille ipo wapi kwenye ramani, na bado yakatokea. Ninachosema ni kwamba habari ilikuwa juu ya kitanda changu, ikiniomba kwa mdomo wa mtu anayenilisha, na mimi nikaifunika kwa sababu ilikuwa inaniaibisha.

Niliondoka Juni 2019. Koko alikuwa amepata nyumba nyingine, mitaa ya kaskazini, mbali na soko lake, lakini ina jiko. Nilimwachia ile kanga. Akaisoma maneno kwa kunitamkisha, akacheka, akaniambia kanga ni ya kuvaa, si ya ukuta. Kiwanja kidogo pale mtaa wa Aubagne sasa kinaitwa Place du 5 Novembre 2018. Kesi ilianza Oktoba 2024, washtakiwa 16, na Julai 2025 mahakama ikawatia hatiani baadhi na kuwaachia wengine. Koko alinitumia ujumbe wa sauti siku hiyo. Dakika tatu, Kingazija kitupu, nilielewa nusu. Hiyo nusu sitaiandika hapa.

Kesi ile ikiwa bado inaendelea, Novemba 16, 2024, jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, saa tatu asubuhi vilevile, na zaidi ya watu 20 wakafa. Mnakumbuka. Nilikwenda kikazi. Vumbi lile lina harufu moja dunia nzima. Nilisimama na daftari kati ya watu wanaotafuta ndugu zao, na swali pekee nililoona lina maana kumuuliza mpangaji wa jengo la jirani, aliyekuwa ananionyesha ukuta wake kwa kidole, ni lile nililoulizwa mimi. Tangu lini?

Kwa hiyo ukipata nafasi ya kwenda kusoma nje, nenda, usisite. Beba sweta nzito, upepo wa Marseille haucheki na mtu. Jifunze lugha kabla. Ukipanda ngazi, salimia kila mlango. Na ukituma picha nyumbani, siku moja moja geuza kamera upande wa pili wa chumba.

Alamsiki.